Polishi Nyekundu kwenye Nguzo ya Taa

Nichekeni tu, maana sehemu ya kwanza inachekesha, na mimi mwenyewe niliwahi kuisimulia baa mpaka watu wakamwaga bia. Sehemu ya pili sijawahi kuifikia, kwa aibu.

Ilikuwa miaka ile ya ruksa, kila kitu kinauzwa, na mimi fundi wa kuchomelea kutoka Musoma niliitwa na Bosi Mafuru, mfanyabiashara wa pamba wa Bunda, aliyekuwa amenunua gati moja la mizigo huko upande wa Kisorya, nimkagulie vyuma vyake. Pembeni ya gati, ndani ya maji, ilisimama nguzo ndefu ya chuma yenye taa juu, ya kuongozea tishari lake la kubebea mizigo, na kila jioni mwajiriwa wake, Magesa, aliipanda kuwasha taa.

"Huwa inayumba?" nilimuuliza Magesa.

"Inayumbaga, fundi. Upepo wa ziwa si unaujua? Siku zingine inaniimbia kabisa huko juu."

Hapo nikaogopa. Chuma kinachoyumbishwa na upepo kila siku huchoka kama waya unaoukunja na kuukunjua, leo hakuna kitu, kesho hakuna kitu, halafu unakatika mkononi, na uchovu huo huanzia kwenye maungio, ufa mwembamba kuliko unywele. Sisi tusio na vifaa huutafuta kwa mafuta ya taa: unapaka, unafuta, unasugua chaki juu yake, na mafuta yaliyojificha kwenye ufa yanarudi kuchora mstari. Ila mstari wenyewe ni hafifu na Bosi alikuwa mbishi, kwa hiyo kichwa changu (hiki hiki mnachokiona) kikaniambia nikoroge mafuta na polishi nyekundu ya sakafu, ili aone mwenyewe, akubali nguzo isipandwe tena mpaka itengenezwe.

Ilikuwa siku ya gulio, watu wakajaa gatini. Nikapaka kwenye ungio la chini, nikafuta, nikasugua chaki, nikasimama na madaha yangu. Mstari mwekundu ukaanza kujitokeza, ukazunguka karibu nusu ya nguzo, nami kwa furaha nikapaza sauti, "Mnaona? Inatoka!"

"Yesu wangu! Damu!" mama mmoja akapiga kelele.

Kumbe (nani angeniambia?) kijana mvuvi alikuwa amezama palepale juzijuzi na mwili haujapatikana.

"Ndiye huyu amemfungia humo!" mwingine akadakia.

Nikakamatwa shingoni, suruali ikachanika nyuma mpaka kiunoni, na mimi mjinga, ili kuwaonyesha kwamba si damu, nikachovya kidole nikalamba.

"Anainywa! Jamani, anainywa!"

Jiwe la kwanza likanipata sikioni. Nikalia kwa sauti ambayo sikujua ninayo: "Ni polishi, jamani! Nguzo haina neno! Haina neno kabisa!"

Nilimaanisha haina uchawi. Bosi Mafuru akaidaka hapo hapo.

"Si mmemsikia fundi? Haina neno. Muacheni. Magesa, wahi taa, tishari linakuja."

Upepo wa jioni ulishaanza. Magesa alipita katikati ya watu na dumu lake la mafuta, akasimama mbele yangu.

"Fundi, nipande?"

Mikono yao ilikuwa imelegea shingoni mwangu, haijatoka. Ningesema kuna ufa, wangeniuliza ni ufa gani, ule unaotoka damu? Nikaitikia kwa kichwa. Nilijiambia nitamwita wakishaniachia.

Waliponiachia nilimwita, lakini alikuwa juu na upepo ulikuwa mkali. Nguzo ikakatika kwenye mstari mwekundu, ikaenda naye. Walimtoa majini akiwa hai, akafia ndani ya lori la pamba kabla ya kufika Bunda.

Msibani hakuna aliyenigusa. Walishakubaliana kwamba aliyezama ndiye aliyemvuta mwenzake, na fundi masikini alikuwa ametangulia kuonyeshwa ishara. Wengine walinipa pole kwa suruali. Mjane wa Magesa, Nyangeta, mwenyewe akaniletea ugali na samaki, akachuchumaa karibu yangu.

"Kula, fundi. Wao wanasema ni uchawi," akasema polepole. "Mimi nilikuwepo gatini. Nilisikia amekuuliza."

Sikula. Mpaka leo nikikuta ufa nasema kuna ufa, siongezi polishi wala siongezi neno, na wakitaka kunipiga mawe wanipige.