Mama Honorata wa Ujiji, Aliyempigia Mtoto Magoti

Alizaliwa Honorata Telesphory mwaka 1938 huko Kalinzi, juu ambako ukungu wa asubuhi hulala kwenye mibuni na ziwa huonekana mbali chini kama kipande cha bati. Baba yake, Mzee Telesphory, alilima kahawa na kuimba kwaya kwa sauti iliyozidi kipaji. Mama yake alijulikana kijiji kizima kwa kutokujua kupika chakula cha watu wa nyumbani peke yao, hivyo mtoto alijifunza mapema kusogea kwenye mkeka ili mgeni apate nafasi. Alisoma hadi darasa la nne, akaolewa mwaka 1957 na Erasto, mpakia mizigo wa stesheni ya Kigoma, akashuka naye kukaa Ujiji. Mungu hakuwajalia mtoto. Maneno yalisemwa, kama yanavyosemwa, bombani na sokoni, na Honorata aliyasikia yote, maana naye hakuwa mtu wa kupitwa na habari. Lakini aliyeyasema akiuguliwa, wa kwanza kubisha hodi na chupa ya chai alikuwa yeye.

Wito wake ulimjia mwaka 1972, wakimbizi wa Burundi walipokuwa wakifika ufukweni. Akiwapelekea maji, alimwona msichana ameketi uso ukutani, hali wala hasemi. Akamwekea bakuli la uji pembeni, akaenda zake, akijiambia kwamba kesho atakaa naye. Kesho yake msichana alikuwa amekwisha kupelekwa na wenzake kwenye makazi ya mbali, na hakuna aliyejua hata anaitwa nani. Tangu siku hiyo Honorata alimwombea kila jioni mtu asiye na jina, na jambo hilo lilimuumiza kuliko utasa wake. Erasto alipofariki mwaka 1985, mjane huyu alipokea kazi ya ukatekista, akafungua milango ya nyumba yake, na hakuna anayekumbuka kuiona nyumba ile kimya tena.

Mwishoni mwa mwaka 1993 paroko alimletea Anésie, msichana Mrundi wa miaka kumi na minne. Majirani waliokimbia pamoja naye walisema kwamba mama yake alipotea katika msongamano njiani, hakuonekana tena. Paroko alimwomba Honorata amfundishe binti huyo Kiswahili na hesabu ili aingie shuleni. Ikishindikana, angepelekwa kambini, ambako hakuwa na ndugu hata mmoja. Honorata alimkalisha kwenye mkeka.

"Unajua kusoma, mwanangu?"

"Sijui."

"Kuandika?"

"Sijui."

"Kula, je?"

Binti aliivuta sahani aliyowekewa, nayo ikarudi tupu. "Haya," akasema Honorata, "somo moja tayari unaliweza."

Hayo mengine yaligoma. Akipewa kalamu, Anésie aliiweka chini. Akipewa jembe la kupalilia mchicha, aliliegemeza ukutani. Nywele hakuchana. Jirani yake Yunisi, ambaye aliingia bila hodi na kutoka na habari, alimwambia Honorata, "Dada, wewe umeletewa kinu, si mtoto. Tena kinu kikitwangwa hutoa sauti." Honorata alicheka, lakini kila akimwona binti yule amegeukia ukuta, mwaka 1972 ulimrudia, na hofu ya kumpoteza wa pili ikamfanya aharakishe.

Hapo ndipo alipokosea. Mtu wa pwani au wa bara ya mbali asingekosea vile, kwa kuwa angelazimika kuuliza. Honorata alikuwa Muha; Kirundi alikielewa kama Kiha chake, na mila za ng'ambo ya mpaka aliziona ni zile zile za kwao. Alijua kwamba aliyefiwa hashiki jembe mpaka wakubwa wamwondolee msiba. Akajiambia, basi, mtoto huyu yumo msibani na hakuna aliyemmalizia. Akatangaza kuanua matanga. Nyumba ilijaa mpaka uani. Yunisi akapika wali na kuku, Warundi wa jirani wakaja na nyimbo zao, na Mzee Bucumi, mkubwa kati yao, akamnyoshea binti jembe mbele ya watu wote. "Shika, mwanangu. Mama yako amepumzika. Msiba umekwisha."

Anésie alisimama. Alisema kwa Kirundi, na kila mtu pale alielewa: "Mama yangu hajafa. Mnakula chakula cha msiba wa nani?"

Mikono ilibaki kwenye sahani. Honorata alihisi uso wake umewaka moto. Kisha akafanya jambo ambalo Ujiji ililizungumza mwaka mzima. Kwa desturi ya Waha, mdogo ndiye humwinamia mkubwa na kumpigia makofi taratibu anapomsalimu. Yeye, mjane wa miaka hamsini na mitano, katekista, alipiga magoti kwenye sakafu mbele ya mtoto, akainama, akapiga makofi.

"Inuka, dada, unatuaibisha," Yunisi akamnong'oneza.

"Aibu ni yangu, niachie," akajibu, na macho yake hayakumtoka Anésie. "Nimekuzikia mama bila kukuuliza. Nisamehe. Sasa nakuuliza: anaitwa nani?"

"Inamahoro." Na jina lile lilipotoka, mengine yakafuata. Kusoma alijua, Kirundi na Kifaransa. Aligoma kwa sababu aliogopa kubadilika. Akijifunza ya huku, mama yake akija atamkuta mtu mwingine, atampita.

"Basi tutasoma ili tumtafute," akasema Honorata. "Na wewe ndiye utaniambia tuanzie wapi."

Walianzia ufukweni. Kila asubuhi, wanawake walipokuwa wakianika dagaa, wawili hawa walichora ziwa kwa kijiti kwenye mchanga mbichi: Rumonge hapa, Uvira kule, Ujiji hapa. Hesabu ikawa ya boti, inakwenda saa ngapi, inakunywa mafuta kiasi gani. Kiswahili kilianza na maneno ya kuwauliza wavuvi, kikaenda kwenye ya kushukuru, kikamalizia kwenye ya kukataa, na kwa hayo Honorata alimrudisha mara nyingi: "Hapana yako ina tabasamu. Iondoe tabasamu, rudia." Alimfundisha kujitunza akiwa katika siku zake, kutambua dagaa waliochanganywa na mchanga, kubishana bei bila kutukana mzazi wa mtu. Siku nyingine binti alikunja mikono. "Leo sisomi." "Vizuri, nami nimechoka kufundisha. Nifundishe wewe Kifaransa." Salamu ya Kifaransa ilimtoka mama wa watu kama anayekohoa mwiba wa samaki, na hiyo ndiyo ilikuwa mara ya kwanza Anésie kucheka Ujiji. Shuleni aliingia. Lakini somo ambalo Honorata alilithamini kuliko yote lilikuwa hili: "Mtu akikuletea habari unayoitamani, muulize kwanza swali ambalo jibu lake unalo."

Mwaka 1995 somo hilo lilipata mtihani wake. Asubuhi moja Honorata alikuta mkeka wa Anésie mtupu na kitambaa alichofungia nguo zake hakipo. Hakuvaa hata viatu. Alikimbia kuelekea ziwani, rozari mkononi, akimwambia Mungu maneno ambayo baadaye alikwenda kuyaungama. Alipofika kona ya soko alimwona binti anakuja, furushi kichwani, anatembea polepole.

Mtu mmoja aitwaye Feliksi, mwenye boti, alikuwa amemwambia kwa siri kwamba mama yake yuko Rumonge, anamlilia, na kwamba apande alfajiri bila kumwambia mtu.

"Nilikuwa nimekwisha kuweka mguu majini," akasema Anésie. "Nikamuuliza, mama yangu ana kovu mkono upi? Akasema wa kulia, tena akaapa."

"Na kovu liko wapi?"

"Hana kovu."

Honorata aliketi pale pale barabarani, kanga vumbini, akacheka huku analia, na watu wa sokoni wakampisha kama mgonjwa. Feliksi aliondoka na boti yake, na Ujiji haikumwona tena.

Mwishoni mwa mwaka 1996 vita viliwaka ng'ambo ya magharibi, upande wa Uvira, na watu wakavuka ziwa kwa maelfu. Honorata alimwambia Anésie, "Leo twende Kibirizi, boti zinakoshusha watu, tubebe chungu kikubwa." Kwa nini siku ile na si nyingine, hakueleza kamwe, nao wazee wa jumuiya wanalihesabu jambo hilo kuwa ajabu yake ya kwanza. Kule kwenye mwalo Anésie, msichana mrefu sasa, alimpigia makofi kila aliyeshuka, akauliza jina kabla ya kutoa bakuli, kama alivyofundishwa. Honorata alikuwa akikoroga uji aliposikia swali lile lile kwa mara ya mia: "Unaitwa nani, mama?" Na sauti ya uchovu ikajibu: "Inamahoro."

Mwiko ulisimama. Yule mwanamke alikuwa amenyosha mikono kupokea uji, hatambui. Mbele yake alimwona binti wa Kitanzania anayesema Kiswahili, basi. Hofu ya Anésie ilikuwa imetimia barabara. Kisha Anésie akasema kwa Kirundi, taratibu, "Ni mimi, mama. Nimekua tu." Mama akamshika mashavu, akamgeuza huku na huku kama anayechagua boga, akasema, "Umenenepa. Nani amekulisha?" Akaonyeshwa. Akapiga magoti. Honorata naye akapiga magoti, hakuna aliyekubali kuinuka kwanza, mpaka Yunisi, aliyekuwa amewafuata na kuni, akasema, "Inukeni basi, uji unaungua." Tangu hapo husimuliwa kwamba chungu kile kililisha mwalo mzima bila kupungua. Honorata alipoulizwa alisema kilipungua sana, ila Yunisi alikuwa akikijaza nyuma ya mgongo wake.

Aliugua mwaka 2009, nyumba ikiwa imejaa, wengine wakisali, wengine wakisengenya kwa sauti ya chini, kama alivyopenda. Anésie, ambaye sasa alikuwa mwalimu huko Simbo, alikaa kitandani pake. Mgonjwa akafumbua macho. "Unajua kusoma, mwanangu?"

Lilikuwa swali ambalo jibu lake alikuwa nalo. Anésie akaelewa, akatabasamu. "Sijui, Mama. Nifundishe."

Honorata alicheka kidogo, akamwachia mkono, na muda si mrefu akalala katika Bwana. Waliokuwepo wanasema chumba kilipumua kama mtu aliyetua mzigo kichwani.

Kanisa kubwa halijatamka neno juu yake, wala hatuliharakishi. Lakini katika jumuiya yake, mgeni akifika leo, hapewi ushauri wala sahani kabla hajainamiwa na kuulizwa jina. Na mzazi au mwalimu aliyemkosea mtoto hutumwa kwanza kwa mtoto huyo, ndipo kwa padri. Mungu aliyempa Honorata nyumba isiyokosa nafasi ya mgeni atujalie nasi milango iliyo wazi, masikio yanayouliza kabla ya kujua, na magoti yanayokunjika mbele ya wadogo.