Risasi Yenye Shingo

Vita vilipofika na majirani wakakimbilia Nundu, mimi nilibaki mjini Baraka kwa sababu mama yangu alikuwa hawezi tena kutembea. Ndivyo kamanda wa wapiganaji waliouteka mji alivyotukuta nyumbani. Alichukua chumba cha mbele, akaweka askari mlangoni, na tangu hapo hata kuchota maji ziwani nilikwenda kwa ruhusa.

Hakuwa mtu wa makelele. Jioni alimwaga risasi za bastola zake mbili juu ya meza yangu, akazifuta moja moja kwa kitambaa.

"Mama, kuya uone," aliniita. "Hii nyembamba iko na shingo kama chupa. Warusi waliitoa kwa Wajerumani, wakaiongezea nguvu. Inakimbia sana, inapenya. Hii nene, fupi, nayo iko ya Wajerumani, ya zamani vilevile. Leo majeshi mengi yanapenda hii."

"Ndiyo, komanda," nilijibu. Ningesema nini kingine?

Siku moja msaidizi wake alibisha kwamba ile ya shingo haiangushi, inatoboa tu na kupita. Wakamfunga mbuzi wangu uani ili waone. Kamanda alipiga kwanza kwa ile nyembamba. Mbuzi aliruka, akabaki amesimama, analia. Akapiga kwa ile nene, mbuzi akaanguka. Wao walikuwa bado wanabishana nilipoona tundu kwenye ukuta wa udongo. Nyuma ya ukuta ule ndiko alikolala mama.

Nilikimbia. Nilimkuta ameketi kitandani, nywele zimejaa vumbi.

"Nani anabomoa nyumba?" aliuliza.

Risasi ilikuwa imepita juu ya kichwa chake na kuingia kwenye mwimo wa mlango. Nilitaka kumbeba tuondoke saa ileile, lakini nimpeleke wapi? Barabara ya Mboko nayo ilikuwa mikononi mwao.

Nikarudi uani. Walikuwa wanamchuna mbuzi, na ile nene wameikuta imekwama kwenye mfupa wa bega.

"Komanda, nakuomba. Kama utapiga tena hapa kwangu, piga na ile fupi."

Alicheka, amefurahi kweli. "Umeelewa, mama! Umeelewa kuliko huyu!"

Akanikatia kipande cha nyama. Nilikipika.

Asubuhi moja walipanda milimani kuelekea Minembwe bila kuaga. Mlango ulibaki wazi, hapakuwa na askari. Nilisimama kizingitini muda mrefu, nikiogopa kuvuka, mpaka mama aliponiita kwa sauti ya hasira: uji wake uko wapi?