Vichwa Nilivyoviharibu

Siku ya msiba wa kaka niligeuka nikaona vichwa vyote nilivyowahi kuviharibu vimejaa kwenye viti vya plastiki.

Msicheke. Mimi kinyozi. Kichwa nilichokiharibu sikisahau.

Nilianza na mashine moja mbovu na kiti cha kuazima. Sikufundishwa na mtu. Miezi ya kwanza wateja walitoka kwangu kama kuku walionyonyolewa nusu.

Wiki ya pili walewale wamerudi!

Nikajua nina nyota.

Nilipofungua duka kubwa niliandika mlangoni: MIKONO YANGU TU. Nikapanda juu ya kiti nikatangaza, "Nilipofika hapa hakuna aliyenishika mkono!"

Makofi.

Kaka, mbeba mizigo wa ghalani, alikuwa kasimama mlangoni na kioo changu mgongoni. Alikuwa amekibeba kwa miguu toka duka la zamani.

Akatabasamu. "Haya bwana mdogo. Kinyozi hajinyoi."

Nikasema huyu ana wivu. Miezi minane sikumpigia hata simu.

Akaanguka kazini. Moyo. Basi.

Pale msibani nikamfuata jamaa mwenye kovu sikioni. Kovu lile ni kazi ya mashine yangu.

"Braza, marehemu ulimjuaje?"

"Tumebeba naye magunia miaka sita. Sisi wote hawa."

"Sasa kwangu mlikuwa mnafuata nini? Si nilikukata sikio!"

"Alituomba. 'Mvumilieni dogo, mkono utatulia.' Mimi niligoma kurudi. Akanibebea zamu yangu ya Jumamosi mwezi mzima ili nirudi."

Nikageuka kuvitazama upya vile vichwa kwenye viti.

Mke wa kaka akaniita chumbani alikolazwa marehemu.

"Shemeji, mnyoe kabla hatujamtoa. Tangu siku ile ya duka hakunyoa. Nikimwambia aende kwingine, anasema kinyozi wake atamwita."

Nywele zilikuwa zimefika masikioni.

Nilimnyoa. Mkono ulitetemeka kuliko siku ya kwanza, nikamwachia mstari mbaya juu ya sikio. Safari hii hakuna aliyenivumilia wala kunicheka.

Lile neno TU nimelifuta.

Ndugu yangu unayejisifu umejitengeneza mwenyewe, waulize waliokaa kwenye kiti chako ulipokuwa hujui kazi. Waulize mapema.

Mimi wa kumuuliza nimemzika, na nywele nilizomharibia mwenyewe.