Kaburi la Lalla Iza na Kadi ya Bushaib

Ukiuliza mtaani kwetu Hay Mohammadi ni nani anayepiga pasi kuwashinda wote, utaelekezwa kwa Bushaib. Suruali iliyopita mikononi mwake unaweza kukatia mkate kwa ule mkunjo wake. Mimi nimekatia, na mkate wenyewe ulikuwa wa juzi. Ni mtu wa miaka arobaini na kitu, mnene kidogo, mpole, hakuoa. Aliishi na mama yake, Lalla Iza, yaani Bi Iza, mpaka siku tuliyomzika, na tangu siku hiyo akawa anaishi na kompyuta.

Akitoka kwenye duka lake la udobi jioni alikuwa anafunga mlango, anavaa vile vidude vya masikioni, anapigana vita vya mchezo pamoja na wenzake wanne ambao hajapata kuwaona kwa macho. Mmoja yuko Fes, mmoja Agadir, na wawili ni ndugu wa Oujda. Sisi majirani tulimsikia kupitia ukutani akiwaamuru kama jemadari: "Pita kushoto, kaka, mimi nakulinda." Na huyu ni mtu ambaye dukani hata bei ya shati huitaja kama anayeomba radhi.

Ila kompyuta ilikuwa kuukuu. Ilikohoa hata paka wa uchochoroni wakawa wanaisikitikia. Ilipata moto kiasi kwamba nilianika soksi upande wangu wa ukuta, zikakauka kabla sijamaliza kuzitundika. Na vitani ilimwangusha: adui akitokea, Bushaib anamwona wakati ameshauawa naye zamani. Wenzake wakaanza kunung'unika. Yule wa Fes akamwambia, "Kaka, sisi tunakupenda, lakini mashine yako inatumaliza. Ama uibadilishe, ama tutafute mtu mwingine."

Fikiria mwenyewe. Hao wanne ndio watu pekee waliokuwa wakimngoja jioni.

Sasa, sisi wanawake wa mtaa tuna upatu wetu. Tuko kumi, kila mmoja anatoa dirhamu mia tano kwa mwezi, na kila mwezi mmoja anabeba zote. Lalla Iza alikuwamo, na alipofariki nafasi yake tulimwachia mwanawe, mwanamume peke yake kati yetu. Mwaka ule tulipopiga kura, zamu ya kwanza ilimwangukia Mbarka, muuza mkate, ambaye alikuwa anataka meno ya kuweka. Alikuwa amebakiwa na mawili, na hayo mawili hayakuwahi kukutana. Bushaib akapata zamu ya nane.

Hakulalamika. Alikunywa chai, kisha akasema macho yake yakiwa ndani ya bilauri, "Shangazi zangu, nilitaka kumjengea mama kaburi. Mvua za mwaka huu zimelilaza. Kimebaki kibao cha bati tu."

Basi tukalia. Khadduj, ambaye sauti yake huwaamsha watu wa mtaa wa tatu, alilia mpaka chai ikapoa. Mbarka akafuta macho kwa ncha ya mtandio.

"Chukua zamu yangu, mwanangu," akasema. "Mimi nimekunywa supu mwaka mzima, nitakunywa mwingine."

Sisemi Bushaib alidanganya yote. Aliniapia baadaye kwamba kichwani mwake pesa zilikuwa zimegawanyika: elfu mbili za kadi ya kompyuta, elfu tatu za mama. Na elfu tatu ni kaburi la heshima, vigae pande zote na jiwe la marumaru lenye jina kichwani.

Jumamosi akaenda Derb Ghalef, soko ambalo ukipoteza jicho asubuhi utauziwa mchana likiwa limeshasafishwa. Haya ya sokoni nimeyapata kwa Zuhair, muuzaji mwenyewe, maana bibi yake ni rafiki yangu. Chumvi ni ya kwangu.

Zuhair alimwekea kadi mbili mezani. Kadi hizi ndizo zinazochora picha kwenye kioo. Mchezo ukiwa mzito na kadi ikiwa dhaifu, picha zinakwamakwama. Moja ilikuwa ndogo, ya kawaida. Nyingine ilikuwa na mapangaboi matatu, nene kama tofali.

"Hii kubwa imetoka Ubelgiji," Zuhair akasema. "Mwenyewe alikuwa anasomea udaktari, hakupata hata nafasi ya kuigusa."

"Kila kitu hapa Derb kilikuwa cha mwanafunzi wa udaktari," Bushaib akasema. "Wagonjwa wa Ubelgiji wanatibiwa na nani?"

Zuhair akacheka, akapunguza bei. Halafu akauliza, "Kile kisanduku chako cha kugawa umeme ndani ya mashine ni cha wati ngapi?"

"Mia tatu."

"Basi kadi hii itakizima siku ya kwanza. Utahitaji kingine. Na prosesa yako?"

Bushaib akaitaja. Hiyo ndiyo ubongo wa mashine, nilivyoelezwa.

"Maskini. Kadi itakuwa imeshamaliza kazi inakaa kuingoja prosesa, kama bwana harusi amekaa ukumbini na bibi harusi bado yuko kwa msusi. Na prosesa mpya haikai kwenye bodi hiyo ya zamani." Kisha, na hapa ndipo ninapompa Zuhair haki yake, akaisukuma ile ndogo mbele. "Kaka, kama mfuko si mpana, chukua hii. Haitaki ubadilishe kitu kingine chochote. Mchezo wako utakwenda vizuri tu, ukipunguza urembo wa majani na kivuli."

Bushaib aliishika ile ndogo. Ingemtosha. Lakini yule wa Fes alikuwa ameitaja ile kubwa kwa jina, na ndugu wa Oujda walikuwa wamepiga miluzi.

Akaanza kuhesabu. Kisanduku cha umeme kiliondoa vigae. Kaburi la saruji tupu si aibu, wapo wengi. Prosesa ikaondoa marumaru. Jina linaweza kuandikwa kwa rangi. Bodi ikaondoa saruji.

"Mama hana haraka," akasema.

Zuhair akamuuliza, "Mama gani?"

Bushaib alikuwa amejisikia mwenyewe, na masikio yakamwaka moto. Ila mkono tayari ulikuwa mfukoni.

Wiki ya kwanza alikuwa na furaha. Mashine ilinyamaza kabisa, nami soksi zangu zikaanza kunuka unyevu. Halafu Mbarka akapita dukani kwake, akamchekea kwa yale meno yake mawili.

"Kaburi limefika wapi, mwanangu?"

"Fundi anangoja udongo ukauke, shangazi."

"Asiharakishe. Afanye vizuri."

Na jioni akampelekea bakuli la supu, ile ile anayokunywa yeye. Bushaib akawa anazunguka nyuma ya msikiti asipite mbele ya mlango wake. Mabakuli yakawa yanamfuata. Vitani alikuwa anashinda, lakini sauti ya Mbarka ikisikika uchochoroni alivua vidude vya masikioni akakaa ameinama, na wale wanne wakabaki wakimwita.

Ikafika Ashura, siku ya kuwatembelea wafu wetu. Tukanunua matawi ya mrehani na tini kavu za sadaka, na Khadduj akampigia Bushaib mlango.

"Toka, twende tukaone kazi yako. Beba dumu la maji."

Angesemaje? Alibeba. Njia nzima alitembea nyuma yetu, macho chini, nasi tukadhani ni majonzi.

Tukafika makaburini. Palikuwa na tuta la udongo, majani makavu, na kibao cha bati kimelala ubavu. Mbarka akageuka huku na huku akidhani tumekosea safu.

"Liko wapi?" Khadduj akauliza.

"Fundi," Bushaib akasema. "Fundi kala pesa."

"Fundi gani?"

Akatazama langoni. Fundi pekee wa makaburi aliyemjua kwa jina, mzee Maati, ambaye kwa heshima huitwa Si Maati, alikuwa amekaa pale, anakula mkate na zeituni.

"Ni Si Maati."

Khadduj hakungoja. Alikwenda kwa miguu ile mizito hadi maiti, nadhani, waligeuka upande wa pili. Tulipomfikia alikuwa ameshaupiga mkate wa mzee teke.

"Wewe Maati, pesa za marehemu unazitafuna na zeituni?"

"Pesa zipi, lalla? Huyu bwana mimi simjui."

"Kamuibia, halafu hamjui!"

Watu wakajaa. Wauza tini wakaacha mizani zao. Msomaji mmoja wa Kurani, kipofu, akakata aya katikati akauliza, "Maati? Hata Maati?" Mzee wa watu akasimama, akainua mikono yake yenye saruji, akaanza kuapa kwa watoto wake, mmoja mmoja, kwa majina.

Alipofika kwa mtoto wa tatu, Bushaib akasema, "Hakula yeye. Nimekula mimi."

"Umekulaje?" Khadduj akauliza.

"Nimenunua kadi."

"Kadi ya nini?"

"Ya kompyuta. Inachora picha."

Mbarka akamtazama. "Picha za mama yako?"

"Hapana, shangazi. Za vita."

Hakucheka mtu. Mimi ninayecheka hata matangani, sikucheka. Mbarka alichukua dumu, akarudi peke yake kwenye tuta, akalimwagilia polepole mpaka maji yakaisha, akalipangia mrehani. Aliporudi akamwambia, "Ungesema ni za kompyuta, ningekutukana kwanza, kisha ningekupa."

Si Maati alikuwa bado amesimama. "Wote hawa wameniona mwizi," akasema. "Sasa waambie."

"Nimesema, baba."

"Umewaambia hawa wanawake. Waambie na wale."

Akaenda. Kwa muuza tini, kwa wabeba maji, kwa mama wa mishumaa, kwa kila aliyesimama: "Si Maati hakuchukua kitu. Mwongo ni mimi." Nilitembea nyuma yake nikaiona shingo ikiiva. Kipofu akamwambia hakusikia vizuri, arudie. Akarudia.

Siku iliyofuata alimrudishia Zuhair ile kadi na vyote vilivyofuatana nayo, akapewa pungufu ya nusu ya bei, na wale wanne wakapata mtu mwingine. Pesa zilitosha ukingo wa saruji, bila kigae. Si Maati alikubali kazi, maana Lalla Iza hakumkosea kitu. Lakini Bushaib alipomnyooshea malipo, mzee hakutoa mkono. Akamwonyesha jiwe. Bushaib akaziweka pale juu, akaondoka, na mzee aliziokota alipohakikisha amekwisha kutoka nje ya lango.