Kaka yangu anataka kumsamehe marehemu mume wangu kwa dizeli ambayo hakuiba

Nina miaka sabini na sita, ni mjane, naishi huku milimani Upareni, wilaya ya Same. Naomba jina langu na la kijiji yasitajwe, kwa sababu huku tunajuana wote, na ninayemzungumzia ni kaka yangu wa tumbo moja ambaye nampenda. Nimeandika kwa mkono, binti yangu ndiye aliyewatumia.

Mume wangu alifariki mwaka jana kabla ya mvua za vuli. Alikuwa mtu wa maneno machache. Akinywa chai alikuwa anaacha kidogo chini ya kikombe, anasema hiyo ni ya akiba. Mpaka leo nikiosha vikombe namkumbuka.

Enzi za Ujamaa alikuwa dereva wa lori la kijiji. Alishusha mahindi na maharage hadi ghalani Same, akipanda analeta chumvi, sukari na sabuni za duka la ushirika. Geji ya mafuta ya lile lori ilikuwa imekufa, mshale umelala tu, kwa hiyo alijitengenezea kijiti cha kutumbukiza ndani ya tangi. Alilisimamisha lori mahali tambarare, akamimina dizeli debe moja moja, na kila debe akachonga alama kwa kisu. Kabla ya kupima alikipaka vumbi kavu ili palipolowa paonekane. Alijua lori tupu linakula kiasi gani, na likipanda na mzigo linakula kiasi gani. Akirudi nyumbani alikuwa anasema, "Leo limekula vizuri," kama mtu anayezungumzia ng'ombe wake.

Kaka yangu alikuwa katibu wa kijiji. Dizeli ilikuwa ya shida kipindi hicho, na minong'ono ikaanza kwamba madereva wanaiuza. Siku moja ya mvua lori lilikwama likirudi, likabaki kwenye mlima karibu na shule, pua juu. Kaka akaja na wajumbe wa kamati, akachukua kijiti, akapima palepale. Kilitoka kimelowa chini sana kuliko mume wangu alivyokuwa amewaambia.

Mume wangu akasema, "Shemeji, gari limeinamia nyuma. Lishusheni tambarare mpime tena."

Kaka akamjibu mbele ya watu wote, "Unataka nafasi ya kurudishia uliyoficha."

Watu wakacheka. Ufunguo akanyang'anywa siku hiyohiyo, lori akapewa mwingine, na kijiti akatupiwa miguuni.

Tangu hapo jina lake likawa Dizeli. Tukipita sokoni mtu anasema, "Ficheni vibatari, Dizeli huyo." Akaenda kukata mkonge huko chini tambarare, akarudi na mgongo mbovu. Hakuendesha gari tena. Nilipotaka kwenda kugombana na kaka alinizuia, akaniambia wazazi wangu wamekufa, nimebaki na huyo tu, nisimpoteze kwa ajili ya lori. Mimi nilimwamini mume wangu, ila sikuwa na la kumwonyesha mtu.

Kaka si mtu mbaya. Mwanangu wa kwanza alisoma kwa msaada wake. Mume wangu alipolazwa, kaka ndiye aliyeshinda naye wodini na kumnyoa ndevu. Lakini heshima yake yote ilianzia siku ile ya lori. Mpaka leo watu wanasema huyu ni mtu wa haki, hakumwonea haya hata shemeji yake. Na yeye mwenyewe ndivyo anavyowasimulia wajukuu zake.

Mwezi uliopita binti yangu alikuja na gari lake kunipeleka kliniki Same, akaliegesha uwanjani kwangu, ambapo ni mteremko mtupu. Alipowasha nikaona mshale wa mafuta uko chini kabisa. Nikamuuliza kama tutafika. Akacheka. "Mama, usiwe na wasiwasi. Gari limeinua pua, mafuta yamekimbilia nyuma. Tukifika tambarare mshale utapanda wenyewe."

Tulishuka kona zote nikiutazama. Tulipotokea kwenye lami ulikuwa umepanda, mbali na pale ulipokuwa, na hakuna aliyeongeza hata tone. Binti yangu aliona nalia, akadhani ni miguu inaniuma. Kijiti ninacho bado, nashikizia dirisha la jikoni. Alama zake bado zinashikika kwa kidole.

Sasa tunajiandaa kwa ibada ya kuweka msalaba kaburini. Wiki iliyopita kaka alikuja, nikamwamkia, nikampa chai. Moyo wake ni mgonjwa, daktari ameonya asipate mshtuko. Akaniambia kwa upole kabisa, "Dada yangu, siku hiyo nitasimama mbele ya usharika niseme nilishamsamehe shemeji ile dizeli. Nataka apumzike." Macho yake yalikuwa na machozi. Mimi nikamwongezea chai.

Nikinyamaza, mume wangu atatangazwa mwizi juu ya kaburi lake, mbele ya wajukuu zangu ambao hawajawahi hata kulisikia hilo jina la Dizeli. Nikisema, namnyang'anya mzee yule kitu alichojivunia maisha yake yote, na pengine namuua. Nikimwomba tu asizungumze siku hiyo, ataniuliza kwa nini, na kumdanganya kaka yangu siwezi.

Nimefikiria jambo moja. Binti yangu atakuja tena kabla ya ibada, na kaka naye ana kliniki Same. Nikimwomba akae kiti cha mbele tushuke pamoja, ataona mshale ukipanda mwenyewe, mimi sitafungua mdomo. Kichwa chake bado kizuri, ataelewa. Nitakuwa nimekaa nyuma yake, natazama kisogo chake.

Ndugu zangu, naomba msimtukane kaka. Nishaurini tu, nifanye nini? Nimkaribishe kiti cha mbele, au akae nyuma pamoja nami?