Ndoano Sikioni mwa Mama Mkwe

"Heshima ya mkwe haijawahi kumdhuru mtu."

Ni maneno yako, Mwalimu Odhiambo, uliyoyasema jana hapa klabuni. Ndiyo maana nabandika jibu kwenye ubao huu huu.

Leo asubuhi, ufuoni Homa Bay, nzi wa ziwa walipanda kutoka majini kama moshi. Samaki wakaruka kuwadaka. Nami nilikuwa na ufito wangu wa kuvulia samaki aina ya trauti, niliokuja nao kutoka Kericho, na ndoano iliyovishwa manyoya ifanane na nzi.

Ziwa lilikuwa shwari. Raha tupu, jamani.

Nikautupa mshipi nyuma ili niurushe mbele.

Haukuja.

Kugeuka, ndoano imenasa sikio la mama mkwe, aliyekuja na beseni kukusanya wale nzi wa kupika. Damu inamtiririka shingoni.

Nikapiga hatua.

"Simama hapo hapo, mkwe! Unataka kunishika mbele ya watu?"

Nikasimama, ufito mkononi.

Mvuvi mmoja akapaza sauti kutoka mtumbwini: "Omera, ndugu yangu, leo umevua mkubwa!"

Tukangoja hivyo, mimi huku na yeye kule, mpaka Auma muuza samaki akaja mbio kumtoa ndoano.

Bendera ya mkoloni tumeishusha juzi tu, lakini mwiko huu wa mkwe kutomgusa mama mkwe hatuugusi!

Mwalimu, nawe na wazee mnaoutetea: ingemnasa jichoni, na Auma hayupo, ningemngoja nani? Andikeni jibu hapa chini, kila mtu na jina lake.