Kadi Niliyomficha Mama wa Vitambaa

Nilipoacha kufundisha Kajiado na kuhamia Kitengela kuuza bima ya matibabu, mteja wangu wa kwanza alikuwa mama mmoja wa Kisomali mwenye duka la vitambaa karibu na soko. Alikuwa mjane wa umri wa mama yangu, ametoka Garissa na binti mmoja aliyekuwa bado shuleni. Alitia sahihi fomu bila kuisoma.

"Wewe ni mwalimu," aliniambia. "Kama ni kitu mbaya, ungeniambia."

Mwanzoni haikuwa mbaya. Binti yake alilazwa kwa homa ya mapafu na kampuni yetu ikalipa kila kitu. Mama alinikatia kitambaa cha suti, akakataa pesa yangu.

Kisha habari za mageuzi zikaanza. Redio ilisema serikali inatunga sheria ili kila Mkenya awe na bima ya afya. Waajiri wakubwa waliokuwa wakinunua bima kwetu wakasita, wakingoja kuona. Pengo hilo kampuni ililiziba kwa kupandisha ada ya watu wanaojilipia mmoja mmoja, kama mama yule. Sheria ilipita bungeni lakini rais hakuitia sahihi. Ada zetu hazikushuka tena.

Barua ya ada mpya nilimpelekea mwenyewe. Aliniwekea kiti, akanimiminia chai, akasoma barua mara mbili.

"Mwalimu, nasikia hata mtu wa biashara ndogo anaweza kuingia ile bima ya serikali. Ni ukweli?"

Ilikuwa kweli, tena kwa ada ndogo sana kuliko yetu. Nilijua vizuri kwa sababu mimi mwenyewe nilikuwa nimejiandikisha kwa siri. Bima niliyokuwa nikiuza sikuimudu. Kadi ya serikali ilikuwa ndani ya pochi yangu, mfukoni, nikiwa nimeikalia.

"Hiyo ni ya watu wa mshahara," nilimjibu. "Na hata wao inawasumbua."

Nilikuwa nikijenga nyumba, na kila mteja aliyeondoka alinipunguzia kamisheni. Lakini njaa sikuwa nayo, na sitasingizia njaa.

Alilipa mwaka huo. Mwaka uliofuata ada ikapanda tena, naye akanyoosha mikono. "Biashara iko chini, mwalimu. Nikipata nitarudi." Hapo sikuwa na kamisheni ya kulinda tena. Ningeweza kumwelekeza kwenye ofisi ya bima ya serikali siku hiyohiyo. Sikumwelekeza, kwa kuwa ningelazimika kukiri kwamba nilimdanganya. Nikamwacha bila bima yoyote.

Miezi michache baadaye binti yake alikuja kuniambia mama amefanyiwa upasuaji wa tumbo katika hospitali moja Kajiado. Alikuwa ameenda huko kuuza vitambaa siku ya soko, maumivu yakamwangusha. Nilibeba machungwa nikaenda.

Nilimkuta amekonda, lakini alifurahi kuniona. Kwenye kitanda cha pili alikuwa mama wa Kimaasai anayeuza maziwa, akijiandaa kwenda nyumbani. Karani wa hospitali alikuja, akaangalia kadi ya mama huyo, akaandika, akamwambia alete gari la kumbeba, bila kumdai hata shilingi.

"Hiyo kadi uliipata wapi?" mama wa vitambaa akamuuliza.

"Ya bima ya serikali. Nilijiandikisha na kitambulisho tu. Nalipa kila mwezi."

"Na wewe hujaandikwa kazi?"

"Kazi gani? Mimi niko na ng'ombe tatu."

Mama wa vitambaa alinitazama. Nilianza kumenya chungwa ambalo hakuna aliyeniomba.

Ili kulipa hospitali aliuza sehemu kubwa ya vitambaa vyake kwa bei ya kutupa. Nilikaa wiki kadhaa bila kupita barabara ile. Mwishowe nilienda, nikamkuta akikunja kipande cha leso kwenye rafu zilizobaki wazi. Nilimwambia yote nikiwa nimesimama mlangoni.

"Hata wewe ulikuwa nayo?" aliuliza. "Siku ile unakunywa chai yangu?"

"Nilikuwa nayo, mama."

Alimaliza kukunja ile leso, akachukua nyingine. Nilijitolea kumpeleka akajiandikishe. Alisema ameshajiandikisha, binti yake alimpeleka.

"Sina ugomvi na wewe," alisema. "Lakini usimwambie huyu msichana. Anafikiri sisi tulikosa tu habari. Yeye bado anakuheshimu."

Niliacha kazi ya bima kabla mwaka haujaisha, nikarudi darasani. Binti yule aliendelea kunisalimia kila tulipokutana Kitengela, akisimama wima kama mwanafunzi wangu, akiuliza hali ya nyumbani. Baadaye nikazoea kuvuka barabara kila nilipomwona kwa mbali, kabla hajanifikia.